Lalamiko Kuhusu Kiendeshi cha Qali na Sheria ya Siku Thelathini

Ofisi ya Kadi za Mgao,
Kambi ya Dagahaley,
kupitia Garissa.

29 Agosti 1996

Kwa Bwana Ndirangu,
Msimamizi wa Programu Kuu,
Makao Makuu ya Shirika,
Nairobi.

Ndugu Msimamizi,

YAH: KUKATALIWA KWA KIENDESHI CHA PRINTA KILICHOANDIKWA NA BI QALI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, kiti kisichoyumba na umeme usiokatika, maana ni mtu mwenye vitu hivyo vitatu kwa pamoja tu anayeweza kutunga sheria kama yako. Sisi huku tuna afya.

Kabla sijalalamika nitaeleza jambo lenyewe, kwa sababu nakala ya barua hii inakwenda kwa Mkurugenzi, naye ni mtu mwenye shughuli nyingi asiyejua printa huamka vipi. Ofisini kwetu kuna kompyuta moja na printa moja. Kompyuta haiwezi kuzungumza na printa mpaka ipewe mkalimani. Mkalimani huyo ni kipande kidogo cha programu kiitwacho kiendeshi, nacho kwetu hukaa katika disketi ambayo lazima itiwe kwenye kompyuta kila asubuhi kabla ya kazi kuanza. Kiendeshi tulichokuwa nacho tangu mwaka juzi kiliandikwa na kijana wenu Brayo, huko huko Nairobi. Kina ugonjwa mmoja: kila baada ya kadi hamsini kinaruka mstari, na jina la huyu linaangukia kwenye kadi ya yule. Hivyo ndivyo Bi Maano, mjane tunayemfahamu sote hapa, alivyopata kadi iliyomtaja kuwa mwanamume wa miaka sabini na mmoja mwenye wategemezi tisa. Alikuja nayo dirishani akaniambia, "Mwalimu, mume nilikuwa naye mmoja, akafariki. Sasa mmeona mimi ndio nijaze nafasi yake?"

Tangu siku hiyo karani wetu wa printa, Fathi, husimama kando ya mashine, na kila ikifika kadi ya hamsini huivuta karatasi kwa kidole gumba, mstari mmoja, kisha maisha yanaendelea.

Mpwa wangu Qali, binti ya dada yangu, aliyesomea mambo haya Mombasa na sasa ni kibarua katika ofisi yetu ya kambi jirani ya Ifo, aliandika kiendeshi kipya kisichoruka mstari. Kilimchukua miezi mitano na miwani mbili. Wewe ukamwahidi kwa redio, vituo vyote vikisikiliza, kwamba kiendeshi chake kikionekana imara utakiingiza kwenye programu kuu inayopelekwa kambi zote, naye atapewa kazi ya kudumu. Programu kuu inafungwa tarehe 30 Septemba, haifunguliwi tena mpaka mwaka ujao. Kibarua cha Qali kinakwisha siku hiyo hiyo. Ulipokwisha kuahidi, ukaweka sheria: siku thelathini mfululizo bila kasoro hata moja, majaribio yafanyike Dagahaley chini ya usimamizi wangu, na ikitokea kasoro hesabu ianze upya kutoka moja. Tulianza tarehe mosi Juni. Leo ni mwisho wa Agosti. Naomba sasa nilalamike.

1. Mbuzi. Siku ya tisa ya hesabu ya kwanza, mbuzi wa jirani aliingia kwa mlango wa nyuma akala kadi kumi na moja zilizokuwa zimetoka kwenye printa salama salimini, kila jina mahali pake. Nilikuarifu kwa redio kwa uaminifu. Ulinijibu, "Mwalimu, rudia hapo, mbuzi amefanya nini? Ova." Nikarudia. Ukauliza kama kadi zile zilimfikia mlengwa. Nikasema hapana, zilimfikia mbuzi. Ukasema basi kazi haikukamilika, tuanze upya. Nimesoma vitabu vingi, Bwana Ndirangu. Nimesoma habari za wafalme waliokatwa vichwa kwa hukumu zenye busara kuliko hiyo. Kiendeshi kazi yake ni kuchapa kadi. Hakikuajiriwa kuchunga.

2. Dizeli. Siku ya kumi na saba ya hesabu ya pili, lori la mafuta lilikwama kwenye mchanga, jenereta ikazimika kadi ikiwa nusu. Uliita hiyo kasoro. Nilikueleza kwamba siku hiyo pia feni ilisimama, friji ya chanjo ilisimama, na hata mazungumzo yetu mimi nawe yalisimama kwa kuwa redio ilizimika ukiwa katikati ya neno "uimara". Kwa hesabu yako, wewe mwenyewe ulipata kasoro siku hiyo. Sikuona ukianza upya.

3. Fomu. Hesabu ya tatu ilikwenda vizuri mno, siku ishirini na sita, ndipo ulipotuma fomu yenye safu iliyoandikwa KASORO ZILIZOONEKANA. Nikaiacha wazi, kwa kuwa hazikuonekana. Loise, katibu wako, akaniita redioni akasema kwa adabu yake ya siku zote kwamba fomu yenye safu wazi haipokelewi. Nikaandika "Hakuna". Loise akarudi siku ya pili, sauti yake ikiwa imepoa kidogo: "Mwalimu, pole sana, lakini mzee anasema safu ikiwa na maandishi inahesabiwa." Kwa hivyo ukiacha wazi, fomu haijakamilika, ukijaza, kiendeshi kina kasoro inayoitwa Hakuna. Tukaanza upya. Nimewahi kufundisha jiografia kwa miaka kumi na sita katika shule ambayo ramani ya dunia ililiwa na mchwa kuanzia Asia, lakini sikuwahi kukata tamaa kama siku hiyo.

4. Kumweka Qali mbali. Uliagiza kwamba mwandishi wa kiendeshi asiikaribie mashine wakati wa majaribio, asije akaisaidia kwa siri. Tumetii. Binti aliyekizaa kiendeshi amekuja kutoka Ifo mara mbili, akasimama kizingitini kama mkwe, akasikiliza tu. Mara ya kwanza aliinamisha kichwa akasema, "Abti, mbona inalia sauti ile ile ya zamani? Yangu inafaa iwe kimya kidogo." Abti ndilo jina analoniita mimi mjomba wake, na kwa kawaida likitoka mdomoni mwake hunilainisha, lakini siku hiyo lilinikasirisha. Nilimwambia asijidharau. Nilimwambia msanii yeyote hudhani kazi yake ni tofauti na ilivyo. Mara ya pili alimwona Fathi akivuta karatasi kwenye kadi ya hamsini, akauliza kwa nini anavuta ilhali hakuna haja tena. Fathi akamjibu, "Dadangu, mimi sijui. Mkono wenyewe unajua." Ni mazoea tu, maskini. Miaka miwili ya kuvuta haiondoki kwa siku thelathini. Qali alirudi Ifo na uso wa mashaka, na mashaka hayo, Bwana Ndirangu, umemtia wewe. Mtu akiambiwa mara tatu kwamba kazi yake haijawa imara, mwishowe husikia ubovu hata kwenye sauti ya printa.

5. Ulinzi wa disketi. Uliniandikia kana kwamba huku disketi tunazitumia kufungia nyama: "Hakikisha mpya haichanganywi na za zamani." Nimehakikisha kuliko ulivyostahili. Disketi nimemkabidhi Ugas, mlinzi wetu, mzaliwa wa Kotile aliyekulia nyuma ya ng'ombe. Ndiye anayewasha jenereta alfajiri na kutia disketi kabla ya sisi kufika, na ndiye anayeitoa jioni. Nilimpa agizo lako kama lilivyo: huyu mgeni asichanganywe na wenyeji mpaka siku thelathini ziishe. Hakuuliza swali hata moja. Kwao ng'ombe aliyenunuliwa hazuiliwi na mtu kuanza maisha mapya, lakini kwanza huzungushiwa miiba yake peke yake, akaangaliwa macho, pua na kinyesi, mpaka wenye kundi waridhike kwamba hakuja na maradhi. Ugas ameitafutia disketi ya Qali mkebe wa maziwa ya unga, akauweka dirishani upande wa kivuli, na kila Alhamisi anaufukiza uunsi, ubani wetu wa nyumbani. Kila hesabu ilipoanza upya nilimwarifu, naye akatikisa kichwa kwa huzuni akaandika mstari mpya wa mkaa ukutani. Nakuuliza: huko makao makuu, pamoja na makabati yenu yenye funguo, kuna disketi inayotunzwa hivyo?

6. Brayo. Hapa naomba Mkurugenzi asome polepole. Kiendeshi cha zamani, kile kinachoruka mstari, kile kilichomgeuza Bi Maano kuwa mzee wa miaka sabini na mmoja, kilijaribiwa siku ngapi kabla ya kuingizwa kwenye programu kuu? Nimeuliza, na Loise, ambaye hawezi kusema uongo hata akilipwa, amenijibu: Brayo alikimaliza saa sita, mkaenda kula, mkakiingiza saa nane. Saa mbili, pamoja na chapati. Kitu kikitoka Nairobi kinahesabiwa kuwa kizima mpaka kimdhuru mtu. Kikitoka ng'ambo hii ya Mto Tana kinahesabiwa kuwa kigonjwa mpaka kimfurahishe Ndirangu. Sisi watu wa mkoa huu tumezoea kuulizwa tumetoka wapi kila tukivuka daraja. Hata bahasha ya disketi hii, ilipokuwa ikiletwa kwako mara ya kwanza, ilishushwa kwenye basi, ikafunguliwa, na askari akauliza ni ya kabila gani. Lakini yule askari aliridhika kwa dakika tano. Wewe una miezi mitatu.

Sitaki kumtukana Brayo, kwa kuwa ni kijana na anaweza kutubu. Nasema tu kwamba kiendeshi chake ni takataka, kwamba sijawahi kuona kitu kibovu kama hicho kikifanya kazi kwa mshahara, na kwamba ningepewa nafasi ya kuchagua kati yake na yule mbuzi, ningemwingiza mbuzi kwenye programu kuu.

7. Maana yenyewe ya uimara. Nimelitafakari neno hili kuliko ulivyolitafakari wewe uliyelitumia. Je, kitu imara ni kile kisichopata kasoro kabisa? Basi hakuna. Mke wangu Osob alipoisikia sheria yako aliipenda sana, akaanza kunihesabia. Tumeoana miaka ishirini na miwili. Hajawahi kunifikisha siku ya saba. Juzi nilifika ya tano, nikauliza chai iko wapi kwa sauti aliyosema haikuwa ya lazima, tukaanza upya. Je, anitoe? Ameniingiza kitambo, na mfumo unafanya kazi.

Wewe mwenyewe, Bwana Ndirangu, uliingizwa kwenye cheo hicho baada ya siku ngapi bila kasoro? Na hii barabara yetu? Na mvua? Tungesubiri mvua iwe imara ndipo tuipokee, tungekuwa tumekauka tangu enzi za babu zetu. Mkoa huu wote uliingizwa kwenye Jamhuri bila kujaribiwa hata siku moja, na Jamhuri nayo iliingizwa kwetu vivyo hivyo, na kila upande bado unaandika kasoro za mwenzake kwenye safu.

Basi mimi natoa maana yangu. Kiendeshi ni imara siku ile ambayo hakuna mtu anayegundua kwamba kimebadilishwa. Kwa kipimo hicho, kiendeshi cha Qali ni imara kuliko chochote kilichowahi kuandikwa katika Afrika Mashariki. Kimekuja kimya kama mgeni mwenye adabu. Kasi ni ile ile. Sauti ni ile ile. Hata wino kinautumia kwa kiasi kile kile. Fathi, aliyeishi na kile cha zamani miaka miwili, ameniambia na kuapa, "Walaahi, Mwalimu, mimi sioni tofauti hata kidogo." Unataka ushahidi gani zaidi ya huo?

8. Na sasa jambo ambalo ndilo sababu ya kukaa mbele ya taipureta hii asubuhi yote. Hesabu ya nne ilianza tarehe 29 Julai. Jana ilitimia siku thelathini na moja. Thelathini na moja, Ndugu Msimamizi, moja ikiwa zawadi. Kadi elfu sita mia nne zimechapwa bila jina hata moja kuangukia jirani. Mbuzi alifungwa. Dizeli ilifika. Safu ya kasoro nimeichora mstari mmoja wa kukata, ambao Loise anakubali kwamba si wazi wala si maandishi. Cheti cha majaribio kimetiwa sahihi na mimi, na Fathi, na Bi Maano kwa niaba ya wenye kadi, na kwa kidole gumba cha Ugas. Nakiambatisha.

Kwa hayo yote, naomba, na nikisema naomba nakusudia kwamba nadai kwa adabu:

Kwanza, kiendeshi cha Bi Qali kiingizwe kwenye programu kuu mara upokeapo barua hii, bila siku nyingine hata moja ya majaribio, na cha Brayo kiondolewe, kikazikwe mahali ambapo hakitadhuru mimea.

Pili, Bi Qali aandikiwe barua ya kazi ya kudumu, nawe uitie sahihi ukiwa umesimama.

Tatu, sheria ya siku thelathini ifutwe kabisa, isitumiwe tena kwa kiendeshi wala kiumbe, kwa kuwa nimethibitisha hapo juu kwamba ni ya kipumbavu. Na Osob aarifiwe rasmi kwa barua yenye muhuri.

Nne, utuombe radhi kwa redio saa mbili asubuhi, wakati vituo vyote vinasikiliza, useme "Ova" mwishoni ili tujue umemaliza.

Salamu zangu zimfikie Loise, ambaye angekuwa Msimamizi ningekuwa nimeandika ukurasa mmoja tu. Zimfikie pia mpishi wa chapati zilizoliwa siku ile, hana kosa. Zimfikie askari wa lango lenu aliyenipa kiti mwaka jana nilipokungoja tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Brayo naye mpe salamu, lakini zisiwe nyingi. Hapa Fathi anakusalimu, Bi Maano anauliza kama unaendelea vizuri, na Ugas anasema Mungu akujaalie mifugo isiyoumwa.

Ni mimi niliyevumilia miezi mitatu na sasa sivumilii tena,

Mwalimu Mustaf Abdille Duale,
Karani Mkuu wa Kadi za Mgao,
Dagahaley.

Nakala: Mkurugenzi.

Viambatisho: Cheti cha majaribio, siku thelathini na moja. Disketi moja.

N.B. Naandika haya kwa kalamu kwa kuwa utepe wa taipureta umekwisha, na mimi pia karibu. Nilipomaliza barua nilimwita Ugas anipe disketi niitie kwenye bahasha. Akaleta mkebe wa maziwa. Ulikuwa umefungwa kwa karatasi ya gundi niliyoibandika mimi mwenyewe tarehe mosi Juni, sahihi yangu ikiwa juu yake, nzima kabisa. Nikamuuliza anaitoaje kila asubuhi bila kuchana karatasi. Akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Mwalimu, si ulisema huyu mgeni asichanganywe mpaka siku thelathini iishe? Ng'ombe mgeni haendi malishoni na ng'ombe ya nyumbani. Siku imeisha jana. Leo ndio nataka kumfungulia." Nikamuuliza basi siku zote hizi kompyuta ilikuwa ikila nini. Akasema, "Ile ya zamani. Ile ya Brayo. Hiyo iko sawa, haina shida."

Tumemfungulia. Disketi inanukia uunsi lakini inasoma. Printa imelia kwa sauti ya chini, kama Qali alivyosema. Kadi hamsini za kwanza zimetoka nzuri kuliko hati ya ndoa. Kwenye ya hamsini mkono wa Fathi ukavuta, na kwa kuwa sasa hapakuwa na cha kurekebisha, majina yote kuanzia hapo yameangukia kwa majirani. Bi Maano, aliyekuja kuchukua kadi yake mpya, leo ni mtoto wa kiume wa miaka minne. Anasema angalau amepunguziwa umri.

Nimemtumia Qali habari Ifo kwa redio. Akasema, "Abti, kumbe sasa ndio mtaanza kuijaribu." Hakusema "Ova".

Kwa hivyo: usikiingize kiendeshi cha Qali kwa leo, na disketi niliyoitaja kwenye viambatisho usiitafute, imebaki huku. Sheria ya siku thelathini isifutwe. Nimeitazama tena na naiona ina hekima. Cheti kilichoambatishwa ni cha kweli neno kwa neno, ila mwenye kukistahili ni Brayo, naomba umpe pamoja na salamu zilizosalia, ziwe nyingi. Osob asiarifiwe lolote. Hesabu yetu inaanza kesho asubuhi. Kesho ni tarehe 30 Agosti, siku ya thelathini itaangukia 28 Septemba, lori linachukua siku moja kufika kwako, na siku moja inabaki ya ziada. Mbuzi amefungwa mara mbili. Fathi atakaa juu ya mikono yake. Mkebe nimeuchukua mimi, tumeanza kunywea chai.